Mlima Usio na Miguu: Hemingway, Gurnah na Njia ya Kilimanjaro

Huenda hakuna mlima wa Afrika uliopata jina kubwa katika fasihi ya ulimwengu kama Kilimanjaro, na sehemu kubwa ya jina hilo imeletwa na hadithi fupi moja. Ernest Hemingway alipoichapisha "The Snows of Kilimanjaro", yaani Theluji za Kilimanjaro, katika jarida la Esquire mwezi wa Agosti 1936, alikuwa hajaupanda mlima huo, na hakuupanda hadi alipofariki mwaka 1961. Hilo si kosa. Mshairi halazimiki kuzama ndipo aisifu bahari. Lililo zito zaidi ni kwamba katika hadithi iliyobeba jina la mlima, mlima wenyewe unaonekana mara mbili tu: katika aya fupi ya utangulizi, panapotajwa urefu wake, jina la Kimasai la kilele chake cha magharibi na mzoga mkavu wa chui, na tena karibu na mwisho, mbele ya pua ya ndege. Na hata unapoonekana, unaonekana kuanzia theluji kwenda juu. Chini ya theluji hamna kitu: hamna mgomba, hamna mfereji, hamna mji wa Moshi, hamna mtu.

Hadithi ni ya mume na mke waliotoka kuitembea nchi kwa gari. Harry ni mwandishi aliyekiuza kipaji chake kwa maisha ya raha. Helen ni mwanamke mwenye mali, aliyekwisha kufiwa na mume wa kwanza, na anayempenda Harry kuliko Harry anavyojipenda. Wamekuja katika nyika za Afrika Mashariki ili mume apate kuanza upya. Mwiba unamkwaruza goti, dawa haitiwi kwa wakati, mguu unaoza. Lori lao limekufa njiani, na lawama inatupwa kwa dereva Mkikuyu ambaye hapewi hata jina. Basi wanakaa kambini wakingoja ndege, huku tai wakitua na fisi akizunguka. Mume anamtukana mke. Mke anavumilia, analeta supu, anakwenda kuwinda kitoweo, anarudi. Ni hadithi ya ndoa kabla ya kuwa hadithi ya mlima, na katika ndoa ndimo Hemingway alimo bora. Maneno ya wawili hao ni mafupi na makali, kila mmoja akijua pa kumgusa mwenzake pakauma. Msomaji aliyelelewa na mashairi ya kujibizana atautambua mara moja ufundi huu wa neno kujibu neno.

Lakini majibizano hutaka pande mbili zilizo sawa, na Helen si sawa na Harry. Kumbukumbu za mume zinafunguliwa kwa msomaji ukurasa baada ya ukurasa. Za mke hazifunguliwi. Hata jina lake linachelewa hadi hadithi inapokaribia kwisha. Pwani inayo kipimo chake cha jambo hili. Mwana Kupona binti Mshamu, alipoutunga utendi wake mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, naye alizungumza juu ya kumhudumia mume, na wako wasomaji wa leo wanaomlaumu kwa hilo. Hata hivyo alizungumza yeye, kwa kinywa chake, na kitanda cha ugonjwa kilikuwa chake. Katika kambi ya Hemingway mgonjwa ndiye anayeimiliki lugha yote. Mke amepewa majibu tu, na mtumishi, Molo, amepewa kuitika na kuleta kinywaji.

Siri ya hadithi imo katika neno la kwanza la jina lake. Kiingereza kimeiweka theluji katika wingi, na wingi huo si wa mapambo. Harry anapoumwa, theluji anazozikumbuka ni za milima ya Bulgaria ziliyoonekana kutoka dirisha la gari moshi, za mabonde ya Austria alikoteleza kwa mbao za miguuni, za Krismasi na za vita. Theluji ya Kilimanjaro ni ya mwisho tu katika hesabu hiyo, nayo ni nyeupe kwa sababu zile za Ulaya zilikuwa nyeupe kabla yake. Kiswahili kinaificha siri hii, kwa kuwa theluji ni ile ile katika umoja na wingi, na herufi moja ya kiunganishi, za badala ya ya, ndiyo pekee inayoweza kuifichua. Mfasiri atakayeitia hadithi hii katika Kiswahili akiandika Theluji ya Kilimanjaro atakuwa ametafsiri jina na kuipoteza maana.

Inafaa kukumbuka kwamba pwani iliifikia theluji hiyo kwa neno lingine kabisa. Mmisionari Johannes Rebmann, aliyetoka Mombasa kwenda Uchaga akiongozwa na watu wa misafara, miongoni mwao Bwana Kheri, aliuona weupe wa kilele tarehe 11 Mei 1848. Alipomuuliza kiongozi wake weupe ule ni nini, alijibiwa kwa neno moja: baridi. Huko London mwanajiografia William Desborough Cooley akashikilia miaka mingi kwamba theluji haiwezi kuwapo karibu na ikweta, na kwamba mmisionari ameota. Yule kiongozi hakuwa na haja ya ubishi huo. Hakukitaja kitu kwa rangi yake kionekanapo kwa mbali, alikitaja kwa kile kinachomfanyia mtu aliyekikaribia. Katika neno hilo moja mna mwili wa binadamu, ngozi na vidole, na njia ya kwenda kwa miguu. Hadithi nzima ya Hemingway haina kitu hicho, maana Harry anaufikia mlima akiwa amekaa katika ndege ya ndotoni.

Ndege hiyo inastahili kutazamwa vizuri. Rubani, Compton, anatazamiwa kwenda Arusha kutia mafuta. Badala yake anageuza kushoto. Chini yao linapita wingu la waridi, kumbe ni nzige. Kisha mvua nzito. Kisha kilele, kipana na cheupe, na Harry anajua kwamba huko ndiko aendako. Kwa upande wa sanaa, kurasa hizo ni miongoni mwa zilizo safi kabisa katika kazi ya mwandishi huyu, na msomaji anayezisoma bila kuguswa ana moyo mgumu. Lakini ule mgeuko wa kushoto una bei. Kwa kuiacha Arusha, mwandishi ameiacha njia yote ya binadamu: reli iliyotoka Tanga ikafika Moshi mwaka 1911 na Arusha mwaka 1929, maduka ya Wahindi kando ya stesheni, barabara nyekundu zinazopanda Kibosho, Machame na Marangu. Mlima umekatwa miguu ili upate kuelea.

Safari iliyozaa hadithi ilikuwa ya kweli. Mnamo Desemba 1933 Hemingway aliteremka Mombasa pamoja na mke wake wa pili, Pauline Pfeiffer, na kwa muda wa wiki kadhaa wakazunguka Tanganyika kwa magari: Mto wa Mbu, Babati, barabara ya kuelekea Handeni, na kisha wakarudi pwani kuvua samaki Malindi. Kitabu cha safari hiyo, Green Hills of Africa, yaani Vilima vya Kijani vya Afrika, kilitoka mwaka 1935. Pauline humo haitwi Pauline. Ameitwa kwa herufi tatu zinazosimama badala ya Mama Maskini Mzee, ingawa alikuwa na miaka chini ya arobaini. Anatembea, anachoka, anachekesha, anasifiwa kwa ujasiri. Mwishoni, wakiwa wamekwisha kuondoka Afrika na wamekaa kando ya Bahari ya Galilaya, anasema kwamba uso wa mwindaji aliyewaongoza hauji tena machoni pake, na mume anaahidi kuuandika ili usipotee. Kwa hiyo kitabu kizima kimetoka katika usahaulifu wa mke. Ni wazo zuri mno, na ni ajabu kwamba mwandishi amelitia mwishoni kama senti iliyobaki mfukoni. Aliyesahauliwa, bila shaka, ni Mzungu. M'Cola, mbeba bunduki, ambaye jina lake limeandikwa kama sikio la mgeni lilivyolisikia, hakuna anayeulizwa kama uso wake unakumbukwa. Na hata hivyo haki itendeke, uso wa M'Cola ndio uliochorwa kwa subira kuliko nyuso zote za kitabu hicho, kicheko chake juu ya fisi kikiwamo.

Barabara ya Handeni inapita Uzigua, na Uzigua ilikuwa imekwisha kuandikwa kwa Kiswahili zaidi ya miaka thelathini kabla ya lori la Hemingway. Katika mkusanyiko wa safari za Waswahili aliouchapisha Carl Velten mwaka 1901, Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo ameeleza safari yake ya Udoe hadi Uzigua na desturi za watu wa huko. Mtoro hakuwa msanii wa kiwango cha Hemingway. Lakini udadisi wake ulielekea mahali pengine: desturi za watu. Hemingway anajua kudura ya kulungu na upepo. Kijiji kwake ni mahali pa kupata mtu wa kuonyesha nyayo.

Na katika mwaka ule ule, kwenye miteremko ambayo kitabu hakikuifikia, mambo yalikuwa yanachemka. Wakulima wa kahawa wa Kichaga, waliokuwa na chama chao tangu 1925, chini ya watu kama Joseph Merinyo, waliingia mwaka 1933 katika ushirika mpya wa KNCU wenye makao yake Moshi. Mwaka mmoja baada ya hadithi ya theluji kutoka, yaani 1937, kukazuka fujo juu ya nani ana haki ya kuiuza kahawa na kwa nani. Hata yule chui wa utangulizi ana habari ya kidunia: mzoga wake ulikutwa karibu na ukingo wa kreta mwaka 1926 na Richard Reusch, mmisionari wa Kilutheri aliyeupanda mlima mara nyingi na kuishi miaka mingi miongoni mwa watu wa upande huo. Hemingway anaandika kwamba hakuna aliyeeleza chui alitafuta nini kule juu. Huo ni uhuru wake. Fumbo lisilo na mwenyewe hupendeza zaidi.

Isidhaniwe kwamba kosa la kukitazama kilele peke yake ni la mgeni tu. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda alipousimika Mwenge juu ya kilele, na kilele kilichokuwa kimeitwa kwa jina la mfalme wa Kijerumani kikaitwa Uhuru, mashairi ya Kiswahili ya kulisifu taifa yalipata taswira tayari. Tangu hapo Kilimanjaro katika beti nyingi ni urefu na mwanga. Ni taswira ya heshima, na ilikuwa na kazi yake. Lakini ukisoma beti hizo kwa mfululizo hutajua kwamba mlima una mvua, una watoto wanaoteremka shuleni, una akina mama wanaobeba majani ya ng'ombe. Sasa hata taswira hiyo inapungua yenyewe: vipimo vilivyochapishwa mwaka 2009 vilionyesha kuwa asilimia 85 ya barafu iliyofunika mlima mwaka 1912 ilikuwa imetoweka kufikia 2007. Fasihi iliyoweka akiba yake yote kwenye theluji ina sababu ya kuhesabu tena.

Hemingway alirudi mwaka 1953 na mke mwingine, Mary, akapiga kambi upande wa Kenya chini ya mlima. Maandishi ya safari hiyo yalitoka baada ya kufa kwake, kwanza yakiwa yamefupishwa kama True at First Light mwaka 1999, kisha kwa urefu zaidi kama Under Kilimanjaro mwaka 2005. Ni kazi legelege, nayo haikukamilika. Ila ina kitu kimoja ambacho zile mbili bora hazina, nacho ni mji mdogo. Loitokitok imo humo, pamoja na duka la Bwana Singh na kijana aliyesoma misheni akifanya kazi ya kutafsiri. Mwandishi alikuwa ameanza kuteremka. Aliyehariri kitabu cha 1999 ni Patrick Hemingway, mwana wa Pauline, na yeye aliishi Tanganyika, kisha Tanzania, kwa karibu robo karne, akafundisha katika chuo cha wanyamapori cha Mweka, juu kidogo ya mji wa Moshi. Mteremko ambao baba aliupita, mwana aliufanyia kazi.

Jibu kamili zaidi limetoka visiwani. Riwaya ya Abdulrazak Gurnah, Paradise, ilitoka mwaka 1994. Mwandishi, mzaliwa wa Zanzibar, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021, na mwaka 2022 wasomaji wa Kiswahili wakaipata kwa jina la Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Hapa nchi ile ile inasafiriwa kutoka upande ulio sahihi, yaani kutoka baharini. Kijana Yusuf, aliyewekwa rehani kwa deni la baba yake, anatolewa katika nyumba ya mfanyabiashara Aziz pwani, yenye bustani iliyozungukwa na ukuta, na kuachwa katika mji mdogo chini ya mlima ambao msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kutajiwa jina lake. Wenyeji wake huko ni mume na mke, Hamid Suleiman na Maimuna. Wana duka, wana watoto, wana ghala la siri lenye vipusa vya magendo. Maimuna ana sauti. Anatania, anakaripia, anafedheheka kwa niaba ya kijana inapogunduliwa kwamba hajui kuisoma Kurani. Ndoa yao si ya mapenzi makuu wala si ya kutukanana hadi kufa. Ni ndoa ya duka na wageni na chakula cha jioni, na kwa ukurasa mmoja wa Maimuna msomaji anapata zaidi juu ya mwanamke kuliko anavyopata juu ya Helen katika hadithi nzima.

Kisha wanakwenda mlimani kwa gari. Hamid anafuata biashara, Yusuf anachukuliwa, na anayeendesha ni Harbans Singh, fundi ambaye kila mtu anamwita Kalasinga. Safari hii haielekei kileleni. Inazunguka, inasimama, inauza, inabishana. Kwenye maporomoko ya maji mazungumzo yanageukia pepo, na bustani za peponi, na mito yake. Mwislamu na Singasinga wanalumbana juu ya Mungu kwa matusi ya kirafiki ambayo hayapatikani kwa urahisi katika riwaya nyingine. Kalasinga anatangaza kwamba ataitafsiri Kurani kwa Kiswahili ili hao waumini wapate kujua wanachokiamini. Katika Kiingereza ni mzaha mzuri. Katika Peponi ya Kiswahili mzaha unajikunja juu ya wenyewe, kwa kuwa sasa unasemwa ndani ya lugha ile ile ambayo Kalasinga alitishia kuitumia. Baridi nayo ipo, baridi ya kweli ya usiku wa mlimani, ya kujifunika na kutetemeka. Neno la kiongozi wa Rebmann limerudi kwa mwenyewe.

Ubora mkubwa wa Gurnah ni kwamba hakuifanya pwani kuwa safi. Bustani ya Aziz, yenye bwawa na mifereji yake, anayoitunza Mzee Hamdani, ndiyo mahali pazuri kuliko pote katika riwaya, na mwenye bustani hiyo anamiliki watoto wa watu kwa daftari la madeni. Wahusika wa pwani wanapanda mlima wakiwa na neno washenzi mdomoni, na mwandishi analiacha neno hilo lisikike mara nyingi kiasi cha kumchosha msomaji wa visiwani, ambaye pengine amewahi kulisikia kwa wazee wake. Hapo ndipo riwaya inapouma. Lakini hapo pia ndipo mpaka wake ulipo. Watu wa mteremko wenyewe, wanaolima na kununua kwa Hamid, wako ukingoni mwa simulizi. Wanaonekana kwa macho ya mwenye duka. Gurnah ameurudishia mlima miguu, ila miguu hiyo ni ya wapitao.

Sauti ya walioko ilikuwapo, nayo ilikuwapo kwa Kiswahili. Mangi Petro Itosi Marealle wa Marangu alitoa mwaka 1947 kitabu chake Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera. Si riwaya, wala hakina hila za riwaya. Ni maelezo, na mahali pengine ni makavu. Wahakiki wa fasihi wamekiachia wanaanthropolojia, jambo ambalo ni hasara kwa fasihi. Katika jina lake tu mna safari ndefu kuliko ya Harry: kutoka kuzaliwa hadi baada ya kufa, bila kuondoka mteremkoni. Ahera ya Harry iko kileleni, peke yake, bila mke. Ahera ya Mchagga wa zamani ilikuwa kihambani, chini ya migomba, pale pale palipokuwa na ng'ombe wa zizini, mfereji wa zamu na kahawa iliyokuja na wamisionari. Kihamba ni bustani isiyo na ukuta. Mpaka wake huwekwa kwa masale, mmea wa majani marefu usiokufa upesi, na jani la isale ndilo lililopelekwa na aliyekosa kwa aliyemkosea, ili kuomba radhi. Aliyeletewa haikuwa rahisi kukataa. Ndoa ya Harry na Helen, iliyokatika katika kambi ya nyikani kwa maneno tu, ilikosa kitu cha namna hiyo, na ndege iliyogeuza kushoto haikupita mahali ambapo kingeweza kuonekana.